Taa ya Upepo wa Tairi: Mwongozo kwa Mwenye Gari

Miongoni mwa taa zinazoweza kuwaka kwenye dashibodi ya gari la kisasa, iko moja ya rangi ya manjano yenye mchoro unaofanana na chungu kilichopasuliwa katikati, kitako chake kikiwa na meno madogo na ndani yake pakiwa na alama ya mshangao. Mchoro huo ni wa tairi lililokatwa wima na kutazamwa kwa mbele, na ujumbe wake ni kwamba tairi moja au zaidi lina upepo pungufu kuliko unaotakiwa. Ujumbe huo ni mwepesi kuushika, lakini nyuma yake yamo mambo mawili ambayo madereva wengi hawajaelezwa. La kwanza ni kwamba taa hiyo imetengenezwa ichelewe, kwa kuwa huwaka pale tu upungufu unapokuwa umeshakuwa mkubwa. La pili ni kwamba katika magari mengi taa haijui upepo sahihi ni kiasi gani, bali inajua kile ilichofundishwa, na ikifundishwa kosa italilinda kosa hilo kwa uaminifu. Kwa sababu hizo mbili, taa hii inapaswa kuchukuliwa kuwa shahidi wa mwisho, na geji, yaani kifaa cha kupimia upepo, ndiyo iwe shahidi wa kwanza.

Kipimo na mahali kinapoandikwa

Katika lugha ya gereji na vituo vya mafuta, upepo ni hewa iliyoshindiliwa ndani ya tairi, na kinachopimwa si wingi wa hewa hiyo bali shinikizo lake, yaani nguvu ambayo hewa huitumia kusukuma kila sehemu ya ukuta unaoizuia isitoke. Kipimo kilichozoeleka Afrika Mashariki ni PSI, ambacho maana yake ni ratili moja ya nguvu ikikandamiza eneo la inchi moja ya mraba, ingawa magari yenyewe mara nyingi hubandikwa vipimo vingine, kwani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huandikwa kilopaskali, kwa kifupi kPa, na yale ya Ulaya huandikwa baa. Baa 1 ni sawa na kPa 100, na pia ni sawa na PSI 14.5, hivyo kibandiko kinachosema kPa 220 kinataka baa 2.2, ambazo kwenye geji ya kituo cha mafuta husomeka takriban PSI 32.

Kibandiko hicho hukaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mahali panapoonekana mlango ukishafunguliwa, na katika baadhi ya magari huwekwa nyuma ya kifuniko cha tundu la kujazia mafuta. Hutaja ukubwa wa tairi lililokusudiwa, upepo wa matairi ya mbele na wa matairi ya nyuma, na mara nyingi huweka safu mbili, moja ya gari lenye abiria wachache na nyingine ya gari lililojaa watu na mizigo. Maandishi ya Kijapani hayamzuii mtu kusoma tarakimu, na mwenye gari akishazitambua namba hizo mara moja, anaweza kuziandika kwa PSI kwenye kipande cha karatasi na kukibandika hapo hapo, ili kila anayeliendesha gari hilo asibahatishe.

Umuhimu wa kibandiko hudhihirika pale kijana wa kompresa anapouliza, “Mbele ngapi, nyuma ngapi?” na dereva, asiyekuwa na jibu, akamwachia aamue mwenyewe. Kijana huyo atajaza kiwango alichozoea kuwajazia wote, kikiwa 35 au 40, bila kutofautisha gari dogo la abiria na gari la mizigo, na hawezi kulaumiwa sana kwa hilo, kwa kuwa si yeye mwenye gari. Kosa jingine linalofanana na hilo ni la kusoma namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi lenyewe, ambayo kwa matairi mengi ya magari madogo ni PSI 44 au 51. Namba hiyo ni kikomo kilichowekwa na mtengenezaji wa tairi, asiyejua tairi lake litafungwa kwenye gari lipi, na anayeifuata hujikuta na gari linalorukaruka, linalokanyaga barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati ya tairi na linalochelewa kusimama breki zinapokanyagwa.

Kwa nini taa huchelewa

Teknolojia ya kumpa dereva taarifa za upepo akiwa kwenye usukani si mpya sana, kwani Porsche 959 ilikuwa nayo mwaka 1986, lakini kwa muda mrefu ilibaki kuwa anasa ya magari ya bei kubwa. Kilichoifanya iwe ya lazima ni mkasa uliotokea Marekani. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha kiwandani matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya kubainika kwamba uso wa matairi hayo ulikuwa ukibanduka gari likiwa katika mwendo wa kasi na kusababisha magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na mkasa huo nchini humo vilipita 200. Ford ilikuwa imependekeza matairi hayo yajazwe PSI 26, Firestone nayo ikashikilia kwamba 30 ndiyo iliyofaa, na kampuni hizo mbili, zilizokuwa zimefanya biashara pamoja kwa karibu karne nzima, zikatupiana lawama hadharani. Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya usalama wa matairi inayojulikana kwa jina la TREAD, na kutokana na sheria hiyo, kuanzia Septemba 2007, kila gari jipya dogo linalouzwa nchini humo likatakiwa kuwa na taa ya upepo. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa kuyahusisha magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014.

Sheria hizo ndizo zinazoeleza kuchelewa kwa taa. Kanuni ya Marekani inataka taa iwake upepo unapokuwa umeshuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha kibandiko, na ile ya Ulaya inataka asilimia 20. Tairi linalostahili PSI 32, kwa kanuni ya kwanza, linaweza kushuka hadi karibu na 24 bila taa kulazimika kuwaka, na katika safari yote ya kutoka 32 hadi 24 dashibodi itakuwa kimya. Waliotunga kanuni hawakukosea kwa kuweka mpaka huo, kwa kuwa taa inayowaka kwa kila badiliko dogo la hali ya hewa ingezoeleka na kupuuzwa. Anayekosea ni dereva anayeuchukua ukimya wa taa kuwa ni cheti cha afya ya matairi.

Madhara ya upungufu wa kati, yaani ule ambao taa bado haijauona, huanzia ubavuni mwa tairi. Sehemu ya tairi inayogusa barabara hubonyea, na kila gurudumu linapozunguka, ubavu hukunjwa na kukunjuliwa mara moja, kwa namna ile ile ambayo mtu hupinda waya huku na huku akitaka kuukata, mpaka waya unapata moto kabla ya kukatika. Tairi la ukubwa wa 195/65R15, linalofungwa kwenye magari mengi madogo ya abiria, lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka karibu mara 14 kwa kila sekunde, ambazo ni mara 50,000 kwa saa moja. Upepo ukipungua, mkunjo wa kila mzunguko huwa mkubwa zaidi na joto huongezeka. Joto hudhoofisha gundi inayoshikanisha mpira na nyuzi za ndani, na mwisho wake ni uso wa tairi kubanduka au ubavu kupasuka. Ndiyo maana matairi hupasuka zaidi mchana wa jua kali, kwenye lami ndefu, katika gari lililojaza watu na mizigo, na dereva husema tairi limepasuka ghafla ilhali limekuwa likijiandaa kupasuka tangu alipoondoka nyumbani.

Kwenye mfuko wa mwenye gari athari ni ndogo lakini haikosekani. Kwa hesabu za Wizara ya Nishati ya Marekani, kila PSI 1 inayopungua kwa wastani wa matairi yote manne huongeza matumizi ya mafuta kwa takriban asilimia 0.2, na tairi lenyewe hulika zaidi kingo za nje na za ndani huku katikati pakibaki pazima.

Aina mbili za mitambo

Mwenye gari anayetaka kuielewa taa yake hana budi kujua mtambo ulio nyuma yake ni wa aina gani, kwa kuwa aina zilizopo ni mbili na kila moja ina ugonjwa wake.

Aina ya kwanza hupima upepo moja kwa moja. Ndani ya kila rimu, nyuma ya vali, hufungwa kihisi kidogo ambacho mafundi hukiita sensa, chenye betri yake na kipitisha mawimbi ya redio, kinachosoma shinikizo na kupeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari. Magari yenye mtambo huu mara nyingi huweza kuonyesha namba ya kila tairi, jambo linalomwezesha dereva kujua ni lipi linalodai upepo. Udhaifu wake uko kwenye betri, ambayo imefungiwa ndani ya sensa na kwa kawaida haibadilishwi peke yake, na ambayo hudumu kati ya miaka 5 na 10. Udhaifu mwingine ni kwamba sensa huweza kuvunjwa na fundi pancha asiyejua kwamba ipo, anapochomeka mtaimbo karibu na vali ili kulitoa tairi kwenye rimu, na kwa sababu hiyo mwenye gari anapaswa kumwambia fundi habari hiyo kabla kazi haijaanza.

Aina ya pili haipimi upepo hata kidogo, ingawa taa yake ni ile ile. Mtambo huu hutegemea sensa za mwendo wa magurudumu, ambazo gari tayari linazo kwa ajili ya breki za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kukwama na kuteleza. Tairi lililopungukiwa upepo hubonyea, kimo chake cha kuviringika hupungua kidogo, na ili liende sambamba na wenzake hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule. Kompyuta huona gurudumu moja likiwa na haraka kuliko mengine na kuwasha taa. Baadhi ya magari ya Mazda, Honda na Volkswagen ya miaka ya 2010 yana mtambo wa namna hii, ambao una sifa ya kutokuwa na betri ya kufa wala sensa ya kuvunjika ndani ya rimu.

Hata hivyo, mtambo unaolinganisha una kasoro ya kila mlinganisho. Matairi yote manne yakipungua upepo kwa pamoja, kama yanavyofanya katika gari lililokaa miezi mitatu bila kupimwa, hakuna gurudumu litakalowazidi wenzake, na mitambo mingi ya aina hii, hasa ya zamani, haitasema lolote. Aidha, mtambo huu hauna kiwango chake wenyewe. Kila matairi yanapojazwa au kubadilishwa, dereva hutakiwa kubonyeza kitufe chenye mchoro wa ile ile taa, au kuingia kwenye orodha ya mipangilio iliyomo kwenye skrini, ili kuuambia mtambo kwamba hali ya sasa ndiyo hali njema, kisha gari huendeshwa kwa muda ili mtambo ujifunze. Dereva akikibonyeza kitufe hicho matairi yakiwa na PSI 25, mtambo utaamini kwamba 25 ndiyo afya, na hautalalamika mpaka upepo ushuke chini zaidi ya hapo. Kubonyeza kitufe ili taa izime, bila kupima wala kujaza, ni sawa na kumziba mdomo anayepiga kelele za moto.

Joto, baridi na mwinuko

Taa hii ina tabia ya kuwaka alfajiri na kuzimika yenyewe baada ya mwendo wa nusu saa, na tabia hiyo huwafanya wengi waamini kwamba mtambo umeharibika. Ukweli ni kwamba hewa iliyofungiwa husinyaa ikipoa na kutanuka ikipata joto, na kwa tairi la gari dogo kila badiliko la nyuzi 10 za Selsiasi huongeza au kupunguza PSI 1.5 hadi 2. Kwa sababu hiyo viwango vyote vya kibandiko ni vya tairi baridi, maana yake tairi la gari lililoegeshwa kwa saa 3 au zaidi, au lililotembea chini ya kilomita 2 kwa mwendo wa pole.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Gari limewasili Njombe jioni ya mwezi Julai likiwa limetoka mwendo mrefu, hewa iliyomo ndani ya matairi ikiwa na joto la nyuzi 50, na dereva akaamua kuweka upepo pale pale, akajaziwa PSI 32 kamili na kuondoka akiwa ameridhika. Alfajiri yake nyuzijoto zikiwa 10, hewa ile ile, bila kuvuja hata tone, itasoma kati ya 26 na 27. Gari limelala likiwa na namba sahihi na limeamka likiwa na upungufu wa PSI 5 hadi 6, umbali mdogo tu kutoka kwenye mpaka wa taa, na msumari mdogo au vali iliyochakaa ikiongeza upungufu kidogo, taa itawaka. Dereva huyo akiendesha kuelekea Makambako, msuguano utayapasha matairi joto, upepo utapanda, taa itazimika, naye ataona amesalimika, kumbe ataendelea kuendesha kwa upungufu ule ule siku zote zitakazofuata.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari nao una mchango wake, ingawa ni mdogo na mara nyingi hufutwa na joto. Geji husoma tofauti kati ya shinikizo la ndani ya tairi na lile la hewa ya nje, na hewa ya nje ni nyepesi zaidi nyanda za juu kuliko pwani. Tairi lililopimwa Nairobi, mji ulioko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, likifikishwa Mombasa litasoma pungufu kwa PSI 2 na nusu hivi, lakini joto la pwani litarudisha sehemu kubwa ya upungufu huo. Msafiri wa njia hiyo hana haja ya kuhangaika, ila akipima tena asubuhi ya pili akiwa Mombasa atakuwa ameondoa shaka.

Taa ikiwaka safarini

Rangi ya manjano katika dashibodi humaanisha tahadhari, tofauti na nyekundu inayomtaka dereva asimame mara moja, hivyo taa hii ikiwaka haimlazimu dereva kukanyaga breki kwa nguvu katikati ya barabara. Anachotakiwa kufanya ni kupunguza mwendo taratibu, kuepuka kukata usukani kwa ghafla na kusikiliza gari lenyewe, kwa sababu gari linalovutia upande mmoja, usukani ulioanza kuwa mzito au mlio wa kupigapiga kutoka chini ni dalili kwamba tairi linaisha upepo kwa kasi na kwamba kila mita inayoongezwa inaliharibu zaidi. Ikiwa hakuna dalili hizo, gari linaweza kusogezwa kwa mwendo mdogo mpaka mahali tambarare na palipo nje kabisa ya njia, iwe kituo cha mafuta au uwanja wa kando. Gari likisimama, taa za hatari ziwashwe na pembetatu za kuakisi ziwekwe mbali nyuma yake. Matawi ya miti yanayotumika kote Afrika Mashariki mahali pa pembetatu hufanya kazi yake vizuri mchana, lakini usiku hayaakisi mwanga, na wanaoyaweka wana desturi mbaya ya kuondoka wakiyaacha barabarani pamoja na mawe.

Baada ya hapo matairi yote yakaguliwe, na yakaguliwe kwa geji, kwa kuwa macho hudanganya. Matairi ya kisasa huwa na ubavu unaotokeza kidogo hata yakiwa na upepo kamili, na ni vigumu kwa mtu kutofautisha kwa kutazama tairi la PSI 32 na la PSI 24 yakiwa sambamba. Kulipiga tairi teke au kuligonga kwa chuma, kama wafanyavyo utingo wa malori kwa matairi pacha ya nyuma, humwambia mgongaji ni lipi limeisha kabisa, lakini hakumwambii ni lipi limepungua kwa robo.

Tairi likionekana na msumari, msumari huo usichomolewe hapo barabarani, kwani mara nyingi wenyewe ndio unaoziba tundu lake. Tairi lijazwe, na gari lipelekwe kwa fundi aliye karibu huku upepo ukiangaliwa njiani. Tairi lililokwisha upepo kabisa libadilishwe hapo hapo, hata kama fundi yuko umbali wa kilomita moja, kwa sababu rimu ikikanyagia ubavu kwa umbali huo huukata kwa ndani, na tairi lililoharibika hivyo laweza kujazwa likaonekana zima kisha likapasuka wiki ijayo. Fundi mzuri akilitoa tairi la namna hiyo kwenye rimu hupitisha kiganja ndani yake, na akikuta vumbi jeusi la mpira uliosagika humshauri mwenye gari alitupe.

Kujaza, kuziba na kuizima taa

Tairi likiwa la moto na geji ikaonyesha pungufu ya kibandiko, lijazwe mpaka kiwango cha kibandiko ili safari iendelee, kisha lipimwe upya asubuhi likiwa baridi na kuongezewa kinachopungua. Likiwa la moto na geji ikaonyesha zaidi ya kibandiko kwa PSI 4 au 5, liachwe lilivyo, kwa maana ziada hiyo ni ya joto. Anayepunguza upepo wa tairi la moto hujitengenezea upungufu wa kesho.

Upepo ukishajazwa sawasawa na tairi lile lile likapungua tena ndani ya siku chache, pana mvujo, na mvujo hutafutwa kwa maji ya sabuni. Povu hupakwa kwanza kwenye mdomo wa vali, kisha kuzunguka pindo ambapo tairi hukutana na rimu, mwisho kwenye uso wote unaokanyaga barabara, na mahali panapotoa mapovu yanayokua ndipo penye tundu. Mara nyingi mkosaji ni kisindano cha ndani ya vali, ambacho bei yake ni ndogo na kubadilishwa kwake ni kazi ya dakika moja, au kutu iliyojijenga kwenye pindo la rimu. Tundu lililo kwenye uso wa tairi, lisilozidi upana wa milimita 6, huzibwa, na kuziba kwa kiraka cha ndani ni bora kuliko kuchomeka kamba ya gundi kutoka nje, ambayo inafaa zaidi kuwa msaada wa njiani. Tundu la ubavuni halizibiki kwa usalama, hata fundi akiapa. Wanaotumia dawa za maji zinazomiminwa ndani ya tairi ili zizibe pancha zenyewe wafahamu kwamba baadhi yake huziba pia kitundu ambacho sensa hupumulia.

Kuhusu nitrojeni inayouzwa katika baadhi ya gereji za mijini, inatosha kusema kwamba hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78. Nitrojeni safi huvuja polepole zaidi na haina unyevu, lakini tairi la nitrojeni lisilopimwa halina ubora wowote mbele ya tairi la hewa ya bure linalopimwa kila mwezi.

Taa yenyewe, baada ya matairi kujazwa, huzimika kwa namna tatu. Katika magari mengi yenye sensa za ndani huzimika yenyewe baada ya mwendo wa dakika kadhaa. Katika mengine huhitaji kubonyezwa kitufe. Na katika machache huhitaji kifaa cha fundi. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi katika suala hili.

Taa inayowaka na kuzima, na magari yaliyotumika

Gari linapowashwa taa ikawaka na kuzima mfululizo kwa dakika moja au moja na nusu, kisha ikabaki inawaka, ujumbe wake ni tofauti na ule wa taa inayowaka moja kwa moja. Hapo mtambo haulalamikii upepo bali unakiri kwamba wenyewe hauwezi kufanya kazi, na sababu zake kwa kawaida ni betri ya sensa iliyokufa, sensa iliyovunjwa, au gurudumu lililofungwa bila sensa, mathalani la akiba.

Hali hii inawagusa hasa wanunuzi wa magari yaliyotumika. Kenya huruhusu kuingizwa magari yenye umri usiozidi miaka 8, Tanzania hupokea hata yenye umri mkubwa zaidi kwa kuyatoza kodi ya ziada, na betri za sensa, kama ilivyoelezwa, hudumu miaka 5 hadi 10, kwa hiyo gari laweza kushuka bandarini sensa zake zikiwa zinakata roho. Anayenunua sensa mpya hana budi kuzingatia masafa ya redio, kwa kuwa magari mengi ya Japani na Marekani hutumia megahezi 315 na yale ya Ulaya hutumia 433, na sensa ya masafa mengine haitasikika hata ikiwa mpya na ghali. Mnunuzi ajihadhari pia na gari ambalo taa hii haiwaki kabisa. Taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka kwa sekunde chache ufunguo unapowashwa kisha zizimike, na ile ya upepo ikikosekana katika gari linalojulikana kuwa na mtambo huo, huenda mtu ameiondoa ili asiulizwe.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, hata hivyo, hayana taa hii tangu kiwandani, kwa kuwa Japani haikuifanya kuwa ya lazima kama zilivyofanya Marekani na Ulaya. Mwenye gari la namna hiyo anaweza kununua vifaa vya kufungwa juu ya vali mahali pa vifuniko, vyenye skrini ndogo ya kuweka kwenye dashibodi, ambavyo hufanya kazi ya kuridhisha ikiwa vimekazwa vyema na havijaibwa. Asiyetaka gharama hiyo hahitaji zaidi ya geji yake mwenyewe, kwani zile za vituo vya mafuta huangushwa sakafuni mara nyingi kwa siku kiasi cha kupoteza ukweli wake, pamoja na asubuhi moja ya kila mwezi kabla gari halijaondoka nyumbani, kwa sababu tairi zima lisilo na pancha nalo hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi.

Asubuhi hiyo, tairi la akiba lipimwe pia: katika magari mengi halina sensa, na hakuna taa itakayomwambia dereva kwamba limekwisha upepo mpaka siku atakapolihitaji.